Keziah wa Quetoo

Burnsville, Minnesota
12 Januari 2025

Dada Peris,

Katika jimbo zima la Minnesota, ukihesabu na wale wenye majumba ya ziwani, hakuna mtu mwenye bahati kama huyu mdogo wako. Nimempata! Siku ya kwanza, kitabu cha kwanza, hata koti sijavua. Nimempata Bibi Keziah.

Haya, nimeanza kwa fujo, ngoja nirudi kwenye adabu. Hamjambo huko Kengeleni? Mama anaendeleaje na macho? Shemeji Sydney bado anafuga wale bata wanaotembea kama madiwani? Sisi huku wazima kabisa. Joan anakusalimu. Amepandishwa cheo hospitalini, anaamrisha manesi wenzake, na akifika nyumbani anasahau kushuka. Baridi imefika pale ambapo ukipiga chafya unasikia vipande vikianguka. Juzi nimeendesha gari juu ya ziwa. Ndiyo, juu ya maji, dada. Petro alizama, mimi nilikuwa natafuta stesheni ya redio.

Sasa habari yenyewe. Uliponipigia Krismasi ukaniambia kanisa linajenga ukuta wa majina ya wazee waliokombolewa utumwani, nilimsikia Mama nyuma yako akisema, "Niacheni, sisi tuandikeni na wengineo." Ile sauti, dada, imekaa nami mbavuni mpaka mwaka mpya. Mtu wa miaka themanini na nne awe wengineo? Mama yangu mimi?

Basi jana nikaingia maktaba hapa Burnsville. Huku kumbukumbu za dunia nzima ziko ndani ya kompyuta: nani alizaliwa, nani alibatizwa, nani aliiba farasi. Na daftari za misheni ya kwetu, zile za enzi za Malkia Viktoria zilizoandikwa hapo hapo Kisauni kwa wino, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nikabonyeza mara moja, huyo hapo. Keziah! Wazungu waliokuwa meza ya pili wakanyanyua vichwa, kidogo wanipigie makofi.

Mwambie Mama alale usingizi. Mamake bibi yake yuko mikononi mwangu. Jina lake la kwanza na kwao nitawaletea kwa utaratibu, maana karatasi za kale zinataka heshima. Wala usinipigie simu kwa jambo hili, nitaandika. Mama anapenda kushika bahasha, na mambo makubwa hayasemwi mtu akiwa kwenye foleni ya barabara ya 35.

Ni mimi mdogo wako mwenye nyota,
Nahashon


Kengeleni, Kisauni
9 Februari 2025

Mdogo wangu Nahashon,

Barua yako imefika Jumanne na nimeisoma mara tatu, moja yangu na mbili za Mama. Hapa tuko salama. Bata wawili wameibwa. Sydney anamshuku jirani na jirani anamshuku Sydney. Mama presha ya macho imezidi. La kushoto limefunga, la kulia linaona kuwa kuna mtu lakini halioni ni nani. Daktari hasemi neno, anaandika tu. Joan mpe hongera ya cheo.

Nilipofika kwenye "nimempata," Mama aliniambia nisimame hapo. Kisha akaniagiza kanga yake ya kanisani. Nikamwambia, "Mama, leo Jumanne."

"Najua ni Jumanne. Mgeni akija unamvalia."

Akakaa nayo mpaka jioni, mikono juu ya bahasha.

Jumapili akasimama mwenyewe mbele ya kanisa zima, fimbo mkononi, akawaambia mwanawe Nahashon wa Amerika amemwona bibi yetu. Watu walipiga vigelegele. Kwa hiyo ujue, jambo hili limeshatoka nyumbani.

Ukuta uko hivi. Kila ukoo unapeleka jina la aliyekombolewa, jina lake kabla ya ubatizo kama linajulikana, na kwao alikotekwa. Wenzetu wameshaandikisha: huyu Myao, huyu Mnyasa, huyu Mgindo. Mwisho wa Septemba fundi anaanza kuchonga. Wasio na habari watawekwa mstari wa chini kabisa, "Na Wengineo."

Unajua neno hilo linavyomchoma. Tangu nina akili namwona akijaza fomu, na penye kabila anapiga kistari. Fomu za shule zetu, kistari. Kitambulisho, kistari. Wakati wa posa yangu wazee wa kina Sydney walipouliza huyu binti hasa ni wa wapi, Mama alijibu, "Wa hapa," wakaangushana kwa kicheko. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nilimwona anavyomeza mate.

Tulicho nacho sisi ni kidogo: kwamba alishushwa na manowari akiwa mtoto, akabatizwa Keziah, akaolewa na Timotheo seremala aliyetengeneza mabenchi ya kanisa. Mama anasema bibi yake alikuwa akimuuliza huyo mama yake, kwenu hasa ni wapi, naye anageuza uso anaendelea kumenya muhogo wake.

Basi nitumie mistari mitatu: namba ya ukurasa, jina lake la kwanza, na kwao. Mitatu tu. Nakujua, kwako mistari mitatu ni kazi ngumu kuliko kurasa kumi.

Dada yako,
Peris


Burnsville
30 Machi 2025

Dada mkubwa, mwalimu wa walimu,

Pokea salamu zilizovuka theluji, maana hapa Machi inaisha na bado tunafukua magari kama viazi. Poleni na bata. Mwambie shemeji mimi huku nawashuku wote wawili. Mama mpe pole ya macho, mwambie mwanawe anakula, amenenepa, na kanisani amechaguliwa kugawa viti.

Kule kazini Richfield, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bila mimi hakufunguliwi dirisha. Ndege zinapita juu yetu kwenda uwanjani mpaka vikombe vinatetemeka, na wazee wanasema, "Nahashon, hebu waambie wapunguze," kana kwamba rubani ni binamu yangu. Nawajibu nitamwambia. Kuna mmoja, Bi Lindquist, miaka tisini na miwili, asili yake Mswidi, mfupi kama jagi, anakunywa kahawa ambayo ungeweza kuimwaga barabarani kama lami. Katumia miaka arobaini ya maisha yake kutafuta mababu zake kwenye madaftari ya makanisa ya Uswidi. Alhamisi ni siku yangu ya mapumziko, ninapita kumsalimu. Mazungumzo tu.

Kuhusu ukurasa. Ukurasa upo. Lakini dada, hizi si kurasa za daftari la hesabu. Mwandiko wa wale wamisionari ni mikia mitupu, herufi zimelaliana kama watu wakati wa matangazo ya kanisa. Mahali pengine wameandika, kisha wakageuza karatasi wakaandika juu kwa kukatiza. Na Keziah si mmoja. Nimeshakutana na saba. Mtu wa haraka angemshika yeyote amalize kazi. Mimi namtaka wa kwetu.

Ngoja nikwambie kitu, na hiki si utani.

Ni watoto. Sikujua. Nilidhani nitakuta watu wazima, wanaume wenye ndevu, nikapata ukurasa mzima watoto, kila mstari mtoto. Miaka sita. Miaka nane. Umri haujulikani. Penye jina la zamani, "hajui." Chini yake, "hajui." Halafu kuna mmoja ameandikwa, "Alikufa kabla ya kupewa jina," na mstari wake umeachwa wazi mpaka mwisho, kama kiti ambacho mtu amekataza kisikaliwe. Niliweka chini tableti yenye zile picha, nikatoka nikasimama kwenye maegesho bila koti. Tulipoendelea, nilirudi kwenye mstari wa kwanza.

Nilikuwa nadhani namtafuta mtu mmoja. Kumbe wako wengi hivi, wamekaa kimya kwenye mistari, miaka mia na hamsini, wakingoja mtu apite na kidole.

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Mambo yanapikika.

Nahashon


Kengeleni
4 Mei 2025

Nahashon,

Salamu kwa Joan. Sydney amepata bata mmoja. Alikuwa amerudi mwenyewe.

Nilikuomba mistari mitatu, umeniletea kurasa nne na Mswidi.

Sasa sikiliza mwalimu. Januari ulibonyeza mara moja. Machi kuna Keziah saba. Januari ulikuwa peke yako maktabani. Machi "tulipoendelea." Wewe na nani? Na mwandiko wako umekuwaje? Mimi nimekufundisha kuandika mezani kwa Mama, nazijua herufi zako, zinasimama kama vijiti vya kiberiti. Barua hii ya juzi herufi zako zina mikia. H yako ina kitanzi. Kalamu haibadilishi mwandiko wa mtu wa miaka hamsini na miwili.

Ile habari ya watoto nilimsomea Mama. Wakati wa kulala akaniuliza, "Yule asiyepewa jina, wamemwandika kwenye ukuta?" Nikamwambia sijui. Akasema niulize.

Jicho la kulia nalo limefunga, Ijumaa Kuu. Hataliona jiwe. Amemwagiza fundi herufi azichonge ndani sana, atazisoma kwa vidole. Kistari nacho kinasomeka kwa kidole, Nahashon.

Peris


Kengeleni
29 Juni 2025

Nahashon,

Hujajibu. Simu huipokei, unaniandikia "nitakupigia" halafu hupigi. Hatujambo.

Mzee wa kamati amekuja jana na orodha yake, akakaa, akanywa chai, akaniuliza kwa upole. Huo upole wake ndio ulioniudhi.

Kama hukumpata, sema. Mama nitamwambia mimi. Sitakulaumu.

Peris


Burnsville
17 Julai 2025

Dada Peris,

Mketishe Mama. Na wewe keti. Salamu nitazilipa mwishoni.

Daftari la pili, ukurasa wa 61, mstari wa tisa.

Nakunakilia kama ulivyo, kuanzia kushoto. Jina la ubatizo: Keziah. Mtoto wa kike. Umri, kama miaka tisa. Ametolewa na manowari kwenye jahazi la watumwa, Oktoba 1876. Na pembeni, kwa wino mwingine na mkono mwingine, mtu ameongeza baadaye: "Ameolewa na Timotheo, seremala, 1887." Ni yeye, dada. Ni yeye wetu, hakuna wa pili.

Sasa nenda pole pole hapa. Penye jina la zamani watoto wengine wote wana jina, au wameandikiwa "hajui." Bibi yetu ameandikiwa, "Hataki kusema."

Hataki!

Penye nchi, "Quetoo."

Halafu kuna nafasi ya mwisho ya maelezo. Kwa wengine wameandika, "Ana homa." "Analia usiku." "Ana jeraha mguuni." Kwake kuna neno moja tu. "Alicheka."

Dada, alicheka. Mtoto wa miaka tisa. Ametolewa ndani ya lile jahazi, hana mama, hana baba, amesimamishwa mbele ya meza, upande wa pili kuna mzungu mwenye ndevu na kalamu, nyuma yake mabaharia wenye bunduki. Jina amewanyima. Wakamuuliza kwao, akajibu, kisha akacheka. Na yule mzungu, Mungu amrehemu popote alipo, akaona hilo ni jambo la kuandikwa. Nina wiki nzima nalo neno hili. Naendesha nalo, nawaogesha wazee nalo. Juzi nilienda Frogtown kwa yule mama Mmong, Mwasia mwenye duka barabara ya University, kununua muhogo, nikarudi nikaumenya nimegeuza uso, kujaribu tu. Joan akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nina mgeni.

Sasa hii Quetoo. Wenyewe hapa wanatamka "Kwiituu." Nimeitafuta kwenye kila ramani. Nimepita Nyasa, nimepita Ruvuma, nimefika Kongo, hakuna. Kanisani nikamuuliza Gitonga, yule Mmeru wa magari, huwa anajua kila kitu hata kama hakijui. Akasema, "Kwiituu? Si hiyo ni Kitui, bwana! Wewe ni Mkamba. Karibu, kachukue patasi uanze vinyago." Tulicheka mpaka mchungaji akatutazama. Lakini nikifikiri, mbona inawezekana? Kwiituu, Kitui. Sikio la mzungu lingeandika hivyo. Septemba iko mlangoni. Andika Kitui, fundi achonge, Mama apate mahali pa kuweka kidole.

Nilichelewa kwa sababu kulikuwa na mtu hospitalini. Si sisi, sisi wazima.

Haya, na salamu ni hizi: kwako, kwa Mama, kwa shemeji, na kwa yule bata aliyerudi, maana huyo ana akili.

Nahashon


Kengeleni
14 Agosti 2025

Nahashon mdogo wangu,

Hatujambo, na leo neno hilo silisemi kwa mazoea. Andaa moyo wako.

Barua ilifika asubuhi. Nilimsomea Mama yote, mpaka bata. Kwenye "hataki" alinishika mkono. Kwenye "alicheka" aliniomba nirudie, nikarudia mara nne. Ilipofika Kitui mimi nikaona sawa, fomu ya kamati ilikuwa mezani, nikaandika Kitui kwa kalamu nyeusi. Mama alisikia kalamu.

"Umeandika nini?"

"Kitui, Mama, kama alivyosema Nahashon."

"Nahashon amesema alivyosema Gitonga. Mzungu ameandikaje?"

"Q, u, e, t, o, o."

"Sijakuuliza herufi. Mimi na herufi tumeshaachana. Linasomekaje?"

"Kue-too. Hata mimi linanishinda."

Akakaa. Unamjua anavyokaa anapochambua mchele, uso umeinama kidogo. Kisha akasema, "Mzungu alimuuliza swali gani?"

"Alimuuliza kwao wapi."

"Basi na wewe niulize mimi."

"Nikuulize nini?"

"Peris! Niulize alivyoulizwa mtoto."

Nikajihisi mjinga, mwanamke mzima mwenye mjukuu, lakini nikamuuliza. "Kwenu wapi?"

Mama akanyanyua uso, macho yale yasiyoona yakanielekea sawasawa, akajibu, "Kwetu."

Nahashon, mwili wote ulinisisimka. Niliitazama barua, nikaitazama ile Q na ile O na O, na neno likafunguka pale pale mbele yangu. Kwetu. Aliwaambia kwetu! Naye mzungu, kwa heshima na kwa mwandiko mzuri, akaiandika kama nchi.

Mama akaanza kucheka. Alicheka nikaogopa, alicheka mpaka Sydney akaja mbio kutoka bandani akiwa na bakuli la pumba. "Wakaiandika!" anasema. "Miaka mia na hamsini iko kwenye kitabu!" Kisha kicheko kikamgeuka kikawa machozi, akajifuta kwa kanga, akasema taratibu, "Wamemuuliza maisha yake yote. Kumbe jibu aliwapa siku ya kwanza."

Mimi nilikuwa nikijiuliza utani wako umetoka wapi katika nyumba hii ya watu wazito. Sasa najua.

Jina lake la kwanza hatutalijua kamwe, na Mama anasema vizuri. "Aliwanyima wao, nasi tumwachie." Kitui nimeikata. Nimeandika: Keziah. Jina la kwanza, hakutaka kusema. Kwao, Kwetu. Tukaipeleka wenyewe, Mama amenishika bega. Mzee wa kamati akaisoma akavua miwani.

"Mama, kwetu si mahali."

"Wewe kwenu wapi?"

"Kwetu Rabai."

"Umesikia ulivyoanza?"

Akavaa miwani yake. Amepiga mhuri. Na yule mtoto wa mstari mtupu Mama amemwombea nafasi: wataacha jiwe lake bila maandishi, juu, si chini na wengineo.

Sasa wewe. Umezaliwa Kengeleni, Kiswahili umekinyonya. Ungekuwa umelisoma neno lile kwa macho yako mwenyewe, hapo hapo baada ya swali la kwao wapi, lingekurukia usoni. Lakini wewe unasema "Kwiituu." Hilo neno hukulisoma, uliambiwa. Limepita mdomo wa mtu asiyejua Kiswahili. Ni nani aliyekuwa akikusomea, Nahashon? Na kama ni hivyo, Januari ulimwona Bibi Keziah wapi? Mama hajauliza. Ninayeuliza ni mimi.

Dada yako akupendaye,
Peris


Burnsville
7 Septemba 2025

Dada Peris,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa shemeji na mifugo yake. Joan mzima. Joto linaanza kupungua, watu wametoka kwenye maonyesho ya jimbo wakiwa wamekula kila kitu kinachoweza kuchomekwa kijiti. Barua yako niliisoma garini nje ya kazi kule Richfield. Nilipofika pale Mama aliposema "Kwetu," nililaza kichwa kwenye usukani na honi ikalia. Wazee wakachungulia madirishani. Sikuweza kukitoa kichwa.

Ni Bi Lindquist.

Unajua shule mimi niliiacha darasa la sita. Kiingereza changu ni cha mdomo, hicho nakiendesha kama basi. Cha mkono, na hasa mkono ule wa kale, kwangu ni nyayo za kuku. Februari nilimpelekea ile tableti, nikamwambia nina bibi humo ndani. Hakuuliza kitu. Akasogeza kahawa pembeni, akasema, "Tuanze mwanzo." Kila Alhamisi, dada. Mimi nakuza picha kwa vidole, yeye anasoma, mimi nasema hapana, tunakwenda ukurasa mwingine. Ni yeye aliyesoma, "Alikufa kabla ya kupewa jina," na sauti yake ndiyo iliyonifukuza nje kwenye theluji. Akaanza kunifundisha herufi zao, akinichapa vidole kwa penseli kama wewe ulivyokuwa ukinichapa kwa rula. Ndiyo hiyo mikia uliyoiona.

Mei akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika. Sikuweza kukuandikia, ningesema nini? Mwenye macho alikuwa hospitalini. Nilikuwa nakwenda kumlisha supu. Siku aliyorudishwa, bado yuko kwenye kiti cha magurudumu koridoni, hata chumbani hajafika, akaniambia, "Tuliishia ukurasa wa hamsini na nne." Wiki mbili baadaye akasoma mstari wa tisa. Nikamfanya aurudie. Yeye ndiye aliyesema Kwiituu, nami nikalipokea kwa mdomo wa Mswidi bila kulitazama. Neno la mama yangu lilipita mbele ya pua yangu nikalisalimia kama mgeni.

Nilimpelekea barua yako Alhamisi, nikamtafsiria. Nikamweleza kwetu ni nini. Si nyumba tu, si nchi tu. Ni pale ambapo huulizwi. Akatazama dirishani. Yeye alizaliwa shambani, na shamba hilo leo ni maduka na maegesho. Ndege tatu zikapita, vikombe vikatetemeka, hakuniambia niwaambie wapunguze. Kisha akajaribu. "Kwe-tu." Akalisema sawasawa, dada. Mara ya kwanza. Halafu akacheka, na mimi nywele zikanisimama, maana nilikuwa nimesimama upande ule ule wa meza aliokuwa yule mzungu.

Ukuta ukifunguliwa, mshike Mama mkono wa kulia, vidole vyake vianze kwenye K. Mwambie Mswidi mmoja anamsalimu.

Na sasa swali lako. Msomee Mama au usimsomee, utaamua wewe. Ile ya ziwa, gari lilikuwa la Gitonga na mimi nilifumba macho mpaka ng'ambo. Bahati sina. Siku ile ya Januari maktaba ilikuwa imefungwa kwa ajili ya theluji, nikakaa nje garini nikiisikia sauti ya Mama ikisema wengineo, nikarudi nyumbani nikakuandikia nimempata. Sikuwa nimempata. Nilikuwa sijafungua hata ukurasa mmoja. Nilidanganya.

Nahashon